Maswali ya Wasomaji: Je, Mashine Inaweza Kuhisi Maumivu?

Toleo lililopita lilikuwa na makala fupi kuhusu vifaa vya kielektroniki vinavyoiga kazi ya mishipa ya fahamu, vikiwamo vile vinavyoelezwa kwamba vinahisi maumivu. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua sita, na zile zilizouliza jambo lilelile tumeziunganisha. Majina tumeyaacha.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari mkoani Tanga. Makala yenu ilisema kuna kifaa kidogo kinachohisi maumivu, na wanafunzi wangu wamenibana kwa maswali. Naomba mtueleze kinavyofanya kazi, na kama kweli kinaumia au ni maneno ya kunogesha habari tu.

Ndugu Mwalimu, tuanze na sehemu ya mwisho ya swali lako: kifaa hicho hakiumii. Kinachofanya ni kutambua kwamba kichocheo kilichokifikia kimevuka kiwango cha hatari, na baada ya hapo kubadili tabia yake kwa namna inayofanana sana na ya neva zetu. Hayo ni mambo mawili tofauti na maumivu, ingawa kichwa cha habari hupendeza zaidi kikiwa na neno hilo.

Mwilini, kazi hiyo hufanywa na ncha za neva zilizotapakaa kwenye ngozi, misuli, mifupa na viungo vya ndani, ambazo hapa tutaziita vipokezi vya madhara. Seli ya neva ikiwa imetulia, upande wake wa ndani huwa na volteji iliyo chini ya upande wa nje kwa takriban milivolti 70. Kichocheo kikitosha, milango ya sodiamu katika utando wa seli hufunguka, ioni za sodiamu huingia kwa kasi, volteji hupanda hadi kuvuka sifuri, kisha potasiamu hutoka na hali hurudi ilivyokuwa, yote hayo ndani ya milisekunde chache. Alan Hodgkin na Andrew Huxley wa Uingereza waliandika milinganyo ya mwenendo huo mwaka 1952 baada ya kupima neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel. Jambo ambalo wanafunzi wako wanapaswa kulishika ni kwamba pigo hilo la umeme ama hutokea lote, ama halitokei kabisa. Ukali wa kichocheo hauonekani katika ukubwa wa pigo, bali katika idadi ya mapigo kwa sekunde na katika wingi wa neva zinazopiga kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye kifaa. Mwaka 1971 Leon Chua wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alionyesha kwa hesabu kwamba mbali na rezista, kapasita na indakta, panapaswa kuwapo kijenzi cha nne cha saketi, ambacho ukinzani wake hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake. Akakiita memrista. Kwa miaka mingi jambo hilo lilibaki kwenye karatasi, hadi mwaka 2008 kundi lililoongozwa na Stanley Williams katika maabara za Hewlett-Packard lilipotangaza kwamba limekipata katika utando mwembamba wa oksaidi ya titaniamu. Kifaa mlichosoma habari zake ni mjukuu wa kazi hiyo. Kilielezwa mwaka 2018 na Jung Ho Yoon, Joshua Yang na wenzao wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, nchini Marekani.

Kati ya vipande viwili vya metali kuna tabaka jembamba la oksaidi ya silikoni lililochanganywa na chembe za madini ya fedha. Ukiweka volteji ndogo, hakuna kinachotokea. Volteji ikivuka kizingiti, na ikidumu muda wa kutosha, chembe za fedha husogea na kujipanga hadi zinaunda uzi mwembamba unaounganisha pande mbili, na hapo mkondo wa umeme hupita. Volteji ikiondolewa, uzi huo haubaki: fedha hujikusanya tena kuwa vitone vilivyotengana, na njia hukatika. Hakuna programu inayotoa amri yoyote hapo. Ni tabia ya madini yenyewe.

Yanayofuata ndiyo yaliyofanya kifaa hicho kilinganishwe na kipokezi cha madhara. Shati ulilovaa asubuhi ulilihisi lilipogusa mabega, na dakika chache baadaye ngozi ikaacha kukuarifu, kwa sababu vipokezi vya mguso huzoea. Vipokezi vya madhara havizoei kwa namna hiyo, na kifaa cha Amherst nacho kikipokea mapigo mfululizo yaliyovuka kizingiti huendelea kuyaitikia. Tena, kikishapokea pigo kubwa, chembe kadhaa za fedha hubaki zimesambaa katikati kwa muda, kwa hiyo pigo linalofuata upesi huhitaji nguvu ndogo zaidi kukiamsha. Na kikipitishiwa volteji kubwa kupita kiasi, yaani kikijeruhiwa kwa makusudi, mambo mawili hutokea: kichocheo hafifu, ambacho awali hakikuwa kitu, sasa hukiamsha, na kichocheo ambacho tangu awali kilikuwa cha hatari huleta mwitikio mkubwa kuliko wa mwanzo. Yeyote aliyewahi kuoga na mgongo uliobabuka kwa jua anaijua hali hiyo, maana maji ya uvuguvugu huwa ya moto, na taulo likigusa tu anaruka.

Watafiti hao waliunganisha kifaa chao na moduli inayogeuza joto kuwa umeme, wakapata kipokezi bandia cha joto la hatari. Ukiwaambia wanafunzi wako kwamba kipande cha oksaidi na fedha kinaweza kuwa na kizingiti, kikachelewa kutulia, kikawa chepesi kushtuka kama ngozi yenye jeraha, na bado kisihisi chochote, utakuwa umewaambia ukweli wote.

Ninasoma uhandisi wa umeme Nairobi. Kihisio cha joto cha bei ndogo na mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, vinaweza kufanya kazi hiyohiyo. Nikiandika mstari mmoja wa programu kwamba joto likizidi nyuzi 45 king'ora kilie, si nimetengeneza kipokezi cha maumivu? Memrista inahitajika kwa nini?

Umetengeneza, na kwa kihisio kimoja njia yako ni bora kuliko ya Amherst: ni rahisi, inaaminika, na ikiharibika unajua pa kuangalia. Shida huanza pale vihisio vinapokuwa maelfu kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, kila kimoja kikiwa na waya wake, na kichakato kimoja kikilazimika kuvisoma vyote kwa zamu, mara nyingi kwa sekunde, hata wakati ambapo hakuna kilichogusa popote. Nishati kubwa hutumika kuuliza maswali ambayo jibu lake ni lilelile: hakuna jipya. Neva haiulizwi; husema yenyewe ikiwa na la kusema. Ndiyo sababu moja inayofanya ubongo wa mtu uendeshe mambo yote haya kwa takriban wati 20.

Sababu ya pili ni muda. Neva za maumivu zenyewe haziendi kwa kasi sana. Zile zenye ala nyembamba ya mafuta hupitisha ishara kwa mita kati ya 5 na 30 kwa sekunde, na zile zisizo na ala huenda kwa mita kati ya nusu na 2 tu. Ukijikwaa kidole kwenye jiwe, kwanza huja uchungu mkali wa ghafla, na baada ya muda wa kutosha kujua yatakayofuata huja ule wa kuchoma na kupwita, kwa kuwa ishara ya pili ilikuwa bado njiani. Mwili umeitatua kasoro hiyo kwa kutosubiri ubongo: mguu hunyanyuka kwa amri inayotoka kwenye uti wa mgongo, na ubongo huarifiwa baadaye. Wahandisi wa ngozi ya kielektroniki, yaani utando wenye vihisio unaoiga ngozi, wanataka jambo hilohilo, yaani uamuzi mdogo ufanyike palepale ngozini, na kompyuta kuu ipelekewe taarifa zilizokwisha kuchujwa.

Mifano ipo. Mwaka 2018 kundi la Zhenan Bao wa Chuo Kikuu cha Stanford na Tae-Woo Lee wa Chuo Kikuu cha Kitaifa cha Seoul lilitengeneza neva bandia kwa plastiki zinazopitisha umeme. Kihisio cha shinikizo huendesha saketi inayotoa mapigo, mapigo huingia kwenye transista inayofanya kazi kama sinapsi, yaani kiungo kati ya neva na neva, na umeme wake ukatosha kukunja mguu wa mende uliokuwa umetenganishwa na mwili. Mwaka 2023 maabara ya Bao ilifika mbali zaidi kwa ngozi laini inayotumia volti 5 tu, ambayo ilituma ishara kwenye ubongo wa panya na kufanya mguu wake ushtuke. Mjini Glasgow, kundi la Ravinder Dahiya lilichapa transista 168 za sinapsi zilizotengenezwa kwa nyuzi ndogo mno za oksaidi ya zinki, likaufundisha mkono wa roboti kujiondoa unapochomwa, kazi iliyochapishwa mwaka 2022.

Hata hivyo usiiuze mikrokontrola yako. Memrista mbili zilizotoka kwenye bamba moja zinaweza kuwa na vizingiti tofauti, na hata memrista moja inaweza kutofautiana na nafsi yake kati ya pigo na pigo. Neva nazo hazifanani, lakini mwili una ubongo wa kusawazisha tofauti hizo na umezoea kufanya hivyo tangu utotoni. Saketi haina. Kwa maoni yetu hapo ndipo penye kazi ngumu kwa kizazi chako, zaidi ya kuongeza idadi ya makala zinazoonyesha kifaa kimoja kikifanya vizuri mezani.

Salaam aleikum Mhariri. Mimi nauza urojo Unguja. Pilipili haina moto, lakini mkono unawaka siku nzima. Je, kifaa hicho nacho kingedanganyika?

Waaleikum salaam. Kisingedanganyika. Katika ncha za neva zako kuna mlango wa protini unaofunguka joto linapofikia takriban nyuzi 43, kiwango ambacho ngozi huanza kuwa hatarini. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waligundua kwamba mlango huohuo hufunguliwa na kapsaisini, kemikali iliyomo ndani ya pilipili. Ubongo hauna njia ya kujua ni nani aliyeufungua, kwa hiyo hupokea habari moja tu: moto. Kwa kazi hiyo Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, ambaye alifumbua upande wa shinikizo. Kipokezi bandia cha joto hupima joto lenyewe na hakina mlango wa kemikali, kwa hiyo mkono wa roboti ungeponda pilipili mbuzi kutwa bila malalamiko. Wewe paka mafuta ya kupikia mkononi kwanza, uyafute, kisha uoshe kwa sabuni, kwa sababu kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta na haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Mimi ni muuguzi Dodoma. Kwa sasa niko kliniki ya kisukari, na kabla ya hapo niliwahudumia wagonjwa wa ukoma. Wagonjwa wangu wapo wanaokanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni wanapovua viatu. Nyinyi mnaandika habari za kuipa roboti maumivu. Je, vifaa hivi haviwezi kuwarudishia watu hawa hisia zao?

Ndugu Muuguzi, barua yako ndiyo iliyotufanya tutenge nafasi kubwa kwa jambo hili, kwa sababu mtu wa kwanza kujaribu kutengeneza mfumo bandia wa maumivu kwa ajili ya binadamu alikuwa na wagonjwa kama wako mbele yake.

Paul Brand alikuwa daktari wa upasuaji, aliyezaliwa India kwa wazazi wamisionari Waingereza. Alipokuwa Vellore, kusini mwa India, tangu mwaka 1946, watu wengi wakiwamo madaktari waliamini kwamba ukoma wenyewe huozesha vidole hadi vikakatika. Brand alifuatilia vidonda kimoja kimoja na kuonyesha kwamba sivyo. Bakteria wa ukoma huharibu neva zilizo karibu na ngozi, mahali penye baridi kidogo, na mkono uliokufa ganzi hushika sufuria ya moto, hukaza mpini kupita kiasi, hutembelea kidonda bila kuchechemea. Vidole viliisha kwa majeraha madogo madogo ya kila siku ambayo hakuna aliyeyapigia kelele.

Baadaye alihamia hospitali ya ukoma ya Carville, jimboni Louisiana, na huko yeye na wahandisi wakatengeneza glavu na soksi zenye vihisio vya shinikizo. Vihisio vyenyewe viliwasumbua, maana vilichakaa upesi na vilikuwa ghali. Lakini kilichowashinda hasa kilikuwa kitu kingine. Mwanzoni onyo lilikuja kama sauti sikioni: mgonjwa aliisikia, akaelewa maana yake, na akaendelea na alichokuwa akifanya. Wakabadili, onyo likawa mshtuko wa umeme sehemu ya mwili iliyobaki na hisia, kwapani. Huo uliuma kweli. Basi mgonjwa alipotaka kumaliza kazi iliyohitaji kukaza mkono, alizima swichi, akamaliza, akawasha tena. Brand aliuacha mradi ule.

Tunakuomba uukumbuke mkasa huo kila unaposoma habari za ngozi mpya inayohisi maumivu. Kutambua hatari ni sehemu iliyokwisha kupata majibu mengi, na memrista zitayaboresha. Sehemu isiyo na jibu ni jinsi ya kulifanya onyo liwe la mgonjwa mwenyewe, lisilozimika kwa kidole, linaloingia katika mwendo wake kabla hajapata muda wa kulijadili. Mtu mzima mwenye hisia akiwa na kokoto kiatuni hubadili namna ya kukanyaga bila hata kukatiza mazungumzo yake. Hakuna king'ora kinachofanya hivyo.

Je, hakuna cha kutumia leo? Kipo, na kinavutia kwa sababu hakijaribu kuumiza. Mjini Manchester, Uingereza, watafiti waliwapa watu wenye kisukari, ambao walikwisha kupata vidonda vya nyayo, soli za ndani zenye vihisio vya shinikizo na saa ya mkononi inayowaarifu sehemu fulani ya unyayo inapokandamizwa muda mrefu mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Walioshiriki walikuwa wachache, hawakufika 100, lakini waliopata arifa walipata vidonda vipya vichache zaidi kuliko wenzao waliovaa soli zilezile bila arifa, na nafuu ilionekana zaidi kwa waliozivaa kila siku kwa saa za kutosha. Kwa nini hawa walisikiliza na wale wa Carville hawakusikiliza? Fikra yetu ni kwamba saa ya Manchester haikumwambia mtu aache kazi. Ilimwambia atembee kidogo au abadili mkao, jambo analoweza kulifanya bila hasara.

Njia nyingine inatumia joto. Sehemu ya unyayo inayoelekea kupata kidonda hupata uvimbe wa ndani na kuwa na joto kabla ngozi haijapasuka, na tofauti ya zaidi ya nyuzi 2.2 kati ya sehemu moja ya mguu wa kulia na sehemu ileile ya mguu wa kushoto, ikirudiwa siku mbili mfululizo, huchukuliwa kuwa dalili ya kupunguza kutembea na kumwona mhudumu. Kipimajoto cha ngozi kinatosha, na hakihitaji memrista wala saa ya bei kubwa.

Kuhusu kurudisha hisia zenyewe, hapana. Neva ya mguu iliyoharibiwa na sukari haina tena njia nzima ya kupeleka ishara, kwa hiyo hata kihisio kizuri kiasi gani kikikaa unyayoni hakina pa kuchomeka waya wake isipokuwa juu zaidi, mahali neva ilipo hai, na hilo ni jambo la upasuaji ambalo kwa sasa liko mikononi mwa watafiti. Kwa hiyo ule uzi wa nailoni wa gramu 10 unaoubonyeza unyayoni hadi ujipinde, mgonjwa akiwa amefumba macho, bado una thamani kubwa kuliko kifaa chochote tulichokitaja ukurasa huu. Asiyeuhisi afundishwe kutia mkono ndani ya kiatu kabla ya kukivaa, na kuangalia nyayo zake kila jioni, yeye au mtoto wake.

Mimi ni msomaji wa Mombasa. Tukifanikiwa kutengeneza mashine inayohisi maumivu, hatutakuwa tumetenda dhuluma? Ng'ombe tunahimizwa tusimtese, sembuse kitu tulichokipa maumivu kwa makusudi.

Swali lako ni zito kuliko vifaa vilivyopo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu, katika maelezo yake yaliyorekebishwa mwaka 2020, kinasema kwamba maumivu ni hali ya kuhisi na ya moyo isiyopendeza, na kikaongeza wazi kwamba maumivu na kazi ya neva za madhara ni mambo tofauti, na kwamba mtu hawezi kusemwa ana maumivu kwa kuangalia tu neva zake zinavyopiga. Mgonjwa aliyepewa nusukaputi akipasuliwa, vipokezi vyake vya madhara vinaendelea kupiga, na hakuna anayeumia mle. Memrista ya Amherst iko chini ya hapo kwa mbali: ni kipokezi kisicho na mtu nyuma yake. Dhuluma inahitaji anayedhulumiwa. Siku ikija mashine ambayo tuna sababu nzito za kusema kuna mtu ndani yake, swali lako litakuwa la kwanza kujibiwa, lakini sababu hizo hazitatoka kwenye ngozi yake.

Mimi ni mkazi wa Mwanza, nilikatwa mkono wa kulia chini ya kiwiko kwa ajali ya mashine. Nimesoma kwenu kwamba Marekani kuna mkono wa bandia unaoumia. Kwanza, kwa nini mtu anitafutie maumivu mapya, na mimi usiku bado nahisi vidole ambavyo havipo vikiwaka moto? Pili, unapatikana wapi?

Pole sana, ndugu. Tunaanza na la pili kwa kuwa jibu lake ni fupi: hauuzwi popote. Ni kazi ya maabara ya Nitish Thakor katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, iliyochapishwa na Luke Osborn na wenzake mwaka 2018, na ilijaribiwa na mtu mmoja aliyejitolea, ambaye naye alikatwa mkono. Vidole vya bandia vilivikwa ngozi ya matabaka: tabaka la juu kwa hatari, la chini kwa mguso. Mapigo ya umeme yalipelekwa kupitia ngozi ya sehemu iliyobaki ya mkono hadi kwenye neva ambazo zamani zilihudumia vidole, na mtu yule akasema anahisi kuguswa, na mara nyingine kuchomwa, katika vidole vyake visivyokuwapo. Aliposhika kitu chenye ncha kali, mkono wa bandia ulikiachia wenyewe bila kumsubiri.

Kuhusu kwa nini: wapo watu wanaozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Geoffrey Woods wa Cambridge walieleza familia za kaskazini mwa Pakistan zenye hitilafu katika jeni ya mlango mmoja wa sodiamu wa neva. Walianza kuwatafuta kwa sababu ya kijana mmoja aliyekuwa akijipatia fedha mitaani kwa kujipitisha visu mikononi na kutembea juu ya makaa. Hawakuwahi kumpima, kwani alifariki kabla ya kufikisha miaka 14 baada ya kuruka kutoka juu ya paa la nyumba. Mkono wa bandia usio na onyo lolote huishia kuungua kwenye jiko na kukatwa na bati, na ni wa gharama. Hata hivyo tunakubaliana nawe nusu. Kinachohitajika ni kule kuachia kitu, na hilo mkono wa bandia hulifanya wenyewe. Kumpelekea mwenye mkono uchungu ni hiari ambayo tungependa abaki nayo yeye. Kwake yeye swichi si kasoro kama ilivyokuwa Carville, kwa sababu kinachoharibika ni plastiki, si nyama.

Ama vidole vinavyowaka usiku, hayo ni maumivu halisi na hayatokani na udhaifu wa akili. Umeme unaopitishwa juu ya neva, ambao Baltimore ulitumika kuleta hisia, ndio huohuo ambao tangu Ronald Melzack na Patrick Wall walipoeleza mwaka 1965 kwamba ishara za mguso zinaweza kuzuia za maumivu kwenye uti wa mgongo, umetumika pia kupunguza uchungu. Mashine ndogo za aina hiyo zipo katika baadhi ya idara za fiziotherapia, na zinawasaidia baadhi ya watu, si wote. Kuna pia njia ya kioo, ambayo unaweza kuianza nyumbani baada ya kuzungumza na mtaalamu wa fiziotherapia: kioo husimamishwa mezani katikati ya mikono miwili, sehemu iliyokatwa ikiwa nyuma yake, nawe unautazama mkono mzima ndani ya kioo kana kwamba ndio ule mwingine, ukifumba na kufumbua vidole polepole kwa dakika kumi hadi kumi na tano kila siku, kwa wiki kadhaa. Ukiona uchungu unazidi badala ya kupungua, acha na urudi kwa mtaalamu wako.